Pori Si Shamba la Bibi

Siku moja nilialikwa kuwa miongoni mwa wageni wa maonyesho ya kazi za mikono katika shule moja ya sekondari wilayani Same. Meza zilikuwa zimepangwa vizuri na kutandikwa khanga. Juu yake palikuwa na vikapu vya mkonge, mikeka ya ukindu, vibuyu vilivyochorwa kwa chuma cha moto, miiko, vinu vidogo na shanga za mbegu. Kazi nyingi zilistahili sifa, nasi tulizisifu. Mwisho wa meza ya tatu palisimamishwa ubao uliopigiliwa vitu vinne: miiba ya nungunungu iliyofungwa mfano wa ua, kipande cha ngozi ya mbega, bawa la ndege, na kiota cha mnana kilichokatwa pamoja na tawi lake. Chini ya ubao huo mwanafunzi aliandika kwa hati safi maneno mawili: Utamaduni Wetu.

Nilikichungulia kile kiota. Ndani mwake mlikuwa na vipande vya ganda la yai, vyepesi kama karatasi. Nikamwuliza mwalimu aliyetuongoza, "Mwalimu, vitu hivi vilipatikanaje?" Akanijibu kwa fahari, wala hakuwa na ubaya moyoni, "Mzee, niliwaagiza wote, kila mmoja alete malighafi ya asili kutoka katika mazingira yake." Wanafunzi wa darasa lile hawakupungua arobaini. Agizo lenyewe lilikuwa la sentensi moja. Halikusema wachukue nini, kiasi gani, wakati gani, wala waache nini. Basi vijana arobaini waliingia porini na mapanga, kila mmoja akachukua alichokiona kwanza.

Siandiki makala haya ili kumshtaki mwalimu yule. Alifundisha kama alivyofundishwa. Ninachokishtaki ni fikira ambayo sisi wenyewe, tunaojiita wapenzi wa utamaduni, tumeilea kwa miaka mingi: kwamba utamaduni ni kitu kinachowekwa mezani, na kwamba mahali kilipotoka kitu hicho si sehemu ya utamaduni. Twauhifadhi mkeka, twausahau mkindu. Twaisifu ngoma, hatumwulizi mnyama aliyetoa ngozi. Nasema kwamba fikira hiyo ni ya uongo, na matokeo yake ni kuwafundisha vijana uporaji kwa jina la sanaa.

Waswahili wanapoona mali inayochukuliwa na kila apitaye husema imefanywa shamba la bibi. Mjukuu huingia, hula akashiba, huondoka na fungu begani, na hapana amwulizaye. Lakini yafaa tukumbuke kwamba hata shamba la bibi lina bibi. Yeye ndiye aliyelima, yeye ndiye aliyepalilia, na siku atakapokosa nguvu mjukuu atakuta magugu. Pori nalo lina wakulima wake wasioonekana: ndege apandaye mbegu, popo achavushaye maua, nyuki, mchwa na mvua. Anayechukua bila kuwajua hao ni mjukuu asiyemjua bibi yake.

Tuitazame kwanza nchi yenyewe. Mji wa Same umekaa katika tambarare kavu, upande wa milima usiopata mvua nyingi. Miiba, mibuyu na mikonge ndiyo mandhari yake. Lakini mtu akiinua macho huona milima ya Upare ikiwa imefunikwa na ukungu, na juu yake kilele cha Shengena chenye kimo cha zaidi ya mita 2,460. Huko uko msitu wa Chome, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia. Maji yanayonywewa na kumwagiliwa tambarare hutoka huko. Milima hii ni sehemu ya mnyororo wa Milima ya Tao la Mashariki, unaojulikana duniani kote kwa mimea na wanyama wasiopatikana mahali pengine. Katika msitu wa Chome yuko kinengenenge mmoja, ndege mdogo mwenye duara jeupe machoni, ambaye makao yake duniani ni milima ya Upare Kusini peke yake. Jina lake la kitaalamu, winifredae, lilitolewa kwa heshima ya mwanamke Mwingereza, Winifred Moreau, ambaye mumewe alikuwa mtaalamu wa ndege. Sina ugomvi na mama huyo. Ila nauliza: ni wanafunzi wangapi wa Same wanaoweza kumtambua ndege huyo ambaye hana nchi nyingine? Mgeni alimjua akampa jina. Sisi wenyeji twaweza kumkatia mti wake bila kujua kwamba yupo.

Wapo watakaonijibu hivi: "Wazee wetu walichukua kila kitu porini, nyumba, dawa, vyombo na mavazi, na pori halikwisha. Kuchukua ndiko utamaduni wetu." Hoja hii husemwa kwa sauti kubwa, nayo ina nusu ya ukweli. Tuitazame nusu ya pili. Wapare walikuwa na misitu yao ya mila. Walikuwa na mpungi, mahali patakatifu pa ukoo, na walikuwa na mshitu, msitu wa kuwafundia vijana. Katika mahali hapo kukata mti kulikuwa mwiko, na aliyeuvunja mwiko alilipa mfugo wake. Kumbe shule ya kwanza ya kijana wa Kipare ilikuwa ndani ya msitu usiokatwa! Mtoto hakufundishwa kuchukua kabla ya kufundishwa kuacha. Vilevile maji ya mifereji yalikusanywa katika ndiva, akapewa kila mtu zamu yake; na ndiva ilipopasuka watu waliitwa kwa msaragambo, wakaenda wote kuiziba. Huo nao ni utamaduni. Kwa nini twarithi panga la wazee tukauacha mwiko wao?

Sisemi kwamba wazee walikuwa malaika. Washana wa Ugweno, mafundi chuma mashuhuri, waliyeyusha chuma kwa makaa, na makaa ni miti. Katika karne ya 19 misafara ya biashara ilipita nchi hii ikitafuta pembe za ndovu, na wenyeji waliuza. Nasema tu kwamba palikuwapo na mizani: upande mmoja mkono uchukuao, upande wa pili mwiko uzuiao. Sisi tumeuondoa mwiko kwa kuuita ushirikina, na hatukuweka kitu kingine mahali pake.

Tena hali imebadilika. Mzee alisuka mkeka wa kulalia. Akisha kuupata, alipumzika, na mkindu ukapumzika. Leo mkeka huuzwa, na soko halilali. Soko likiingia katika sanaa, mizani ile hupimwa kwa namna nyingine. Ushahidi hauko mbali. Pembe ya ndovu ilikuwa malighafi ya sanaa, bangili na vinyago, kabla ya kuwa jina la uhalifu. Katika Selous, ndovu waliohesabiwa mwaka 1976 walikuwa takriban 109,000. Mwaka 2013 walikuwa takriban 13,000. Ngozi ya mbega ilivaliwa na wachezaji ngoma wa makabila mengi ya Afrika Mashariki kwa vizazi vingi, na mbega wakaendelea kuruka mitini. Lakini mwishoni mwa karne ya 19 mabibi wa Ulaya walipoipenda kwa mapambo ya mavazi yao, mbega waliuawa kwa wingi katika nchi nyingi za bara letu. Ngozi ilikuwa ile ile. Kilichobadilika ni idadi ya walioitaka.

Jirani zetu wa Kenya nao wana somo. Uchongaji wa vinyago wa Wakamba, ambao chimbuko lake huhusishwa na Mutisya Munge wa Wamunyu baada ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, ulikua ukawa tegemeo la maelfu ya watu. Wachongaji waliipenda miti migumu ya msituni, muhugu na mpingo, mpaka ikawa adimu. Ndipo wengi walipogeukia mwarobaini na mwembe, miti ipandwayo mashambani na majumbani. Sanaa haikufa kwa kubadili mti, bali ilikuwa karibu kufa kwa kutobadili. Angalia basi jinsi hoja ya "utamaduni wetu ni kuchukua" inavyojimaliza yenyewe: ikifuatwa hadi mwisho, hapatakuwa na cha kuchukua, na utamaduni wenyewe utakuwa picha katika kitabu.

Sasa niwageukie wapinzani wangu wa upande wa pili, maana nao wapo, na mara nyingi huvaa sare. Hao husema, "Dawa ni moja: watoto wasiguse kitu. Pori lina sheria. Wakitaka kufanya kazi za mikono, wanunue karatasi za rangi na nyuzi za plastiki dukani." Kuhusu sheria, wana haki, na ni lazima walimu waijue. Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori Na. 5 ya mwaka 2009 inahesabu kuwa nyara si pembe na ngozi tu, bali hata mifupa, kucha, nywele, manyoya na mayai. Kuwa na nyara bila kibali ni kosa, hata kama mwenye nayo hakumwua mnyama. Maana yake, ule ubao wa Utamaduni Wetu ulikuwa orodha ya makosa ya jinai, na mwalimu aliwatuma watoto wa watu kuyatenda pasipo kujua. Pori la Akiba la Mkomazi, lililotangazwa mwaka 1951, limekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 2008. Humo hata kijiti hakiokotwi bila ruhusa. Misitu ya hifadhi nayo ina sheria yake, Na. 14 ya mwaka 2002. Kila mwalimu wa Same anayewapeleka vijana kuokota malighafi hana budi kujua mpaka wa hifadhi uko wapi, na kubaki upande wa kijiji.

Lakini "usiguse" si elimu. Ni ukuta. Mtoto asiyegusa mkindu hataujua, na asiyeujua hataulilia ukikatwa. Nchi ya Same imeonja uchungu wa ukuta. Mwaka 1988 wafugaji waliokuwa wakiishi ndani ya Mkomazi waliondolewa, na kesi yao ikafika hadi Mahakama ya Rufani, nao hawakushinda. Sikusudii kuifungua kesi hiyo hapa. Nakusudia kusema kwamba mtu aliyetenganishwa na pori kwa amri tu huliona pori kuwa mali ya mwingine. Na mali ya mwingine, usiku ukiingia, huibwa. Mlinzi mwenye bunduki atalinda mpaka. Hawezi kulinda kila mkindu ulio kando ya kijito cha kijiji. Huo utalindwa na mwenye kuuhitaji, au hautalindwa kabisa. Wala nyuzi za plastiki si badala ya kweli: hazina msimu, hazina jina la mti, wala hazimfundishi mtoto kungoja. Tena zikitupwa huishia katika mifereji yetu na tumboni mwa ng'ombe.

Kwa hiyo nawakataa wote wawili, yule asemaye chukua na yule asemaye usiguse, kwa sababu wote wawili hukubaliana katika jambo moja la msingi: kwamba sanaa na utunzaji wa pori ni vitu viwili vinavyogombana. Mimi nasema ni kitu kimoja. Fundi wa kweli ni yule ajuaye cha kuacha.

Nililijifunza jambo hili kwa mama mmoja msukaji, mkazi wa chini ya milima, ambaye nilimkuta kandokando ya kijito akikata kuti. Nilimwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba, mwanangu." Mbele yake palikuwa na kichaka cha mkindu chenye mashina sita au saba. Alikata kuti changa, lile la katikati lisilofunguka bado, katika shina moja, akayapita mashina mawili, akakata katika la nne, akaondoka. Nikamwuliza mbona ameyaacha yale mengine, ilhali yalikuwa mazuri. Akanionyesha kovu la panga katika shina alilolipita, akasema, "Hili nilichukua mwezi ule. Halijanisahau." Kisha akanionyesha tawi lililoinamia maji, ambapo minana walikuwa wakisuka viota kwa kelele nyingi. "Na lile ni la wenzangu," akasema.

Naomba walimu wa sayansi na walimu wa sanaa wayasome maneno hayo pamoja. Kuti changa la katikati ndilo jani jipya la shina. Ukilikata kila linapochomoza, shina hudhoofika, mwisho hufa. Ukilipa nafasi, litatoa jingine. Mkindu una mti dume na mti jike. Ukimaliza wa aina moja, mwingine hautazaa. Matunda yake huliwa na ndege, nyani na ngedere, nao huzieneza mbegu kando ya maji. Na mnana, yule ndege wa manjano aliyekatiwa kiota chake kwa ajili ya maonyesho, huchana nyuzi katika majani ya mkindu uo huo, akazipitisha na kuzifunga kwa mdomo. Yeye na mama yule wanasuka malighafi moja. Mama alilijua hilo, ndiyo maana akamwita mwenzake. Darasa la vijana arobaini, lenye vitabu na ramani, halikulijua.

Kila malighafi ina adabu yake, na adabu hiyo hufundishika. Gome la mbuyu hutoa nyuzi imara za kamba na vikapu, na mbuyu una tabia ya ajabu ya kuponya jeraha lake na kuotesha gome jipya. Lakini hauponi kwa siku moja, na mwenye kuuzungusha panga kila mwaka anaumaliza. Maua yake hufunguka usiku na kuchavushwa na popo. Kwa hiyo mwenye kuwafukuza popo kwa moto katika mapango na mapaa asishangae mibuyu ikikosa kuzaa. Mti mkavu uliosimama, ambao mchongaji huuona kuwa gogo la bure, huenda ni nyumba. Hondohondo jike huingia katika tundu la mti mkubwa, akaziba mlango kwa udongo na kinyesi akiacha ufa mwembamba tu, akaatamia humo huku akilishwa na dume. Anayeukata mti huo kwa ajili ya kinu au mzinga wa nyuki ameua mama na watoto bila kuwaona. Kanuni basi ni rahisi: mti wenye tundu haukatwi, na gogo lililolala lenye ukungu na wadudu huachwa lioze, kwa kuwa kuoza kwake ni chakula cha udongo.

Rangi nayo yataka hadhari. Mdaa huwapa wasukaji rangi ya kahawia iliyoiva, lakini rangi hiyo iko katika mizizi. Achimbaye mizizi yote amevuna mara moja kwa miaka yote. Mbegu ni nafuu zaidi, mradi zisimalizwe chini ya mti mama. Hata hapo elimu inahitajika: zile mbegu nzuri za mtipitipi, nyekundu zenye jicho jeusi, zinazopendwa kwa shanga, zina sumu kali ndani yake, na mtoto anayezitoboa na kuzitia mdomoni yumo hatarini. Shule inayoagiza "mbegu za asili" pasipo kusema hivyo haijatimiza wajibu wake hata kwa mtoto, sembuse kwa pori. Kuhusu miiba, manyoya, mayai, viota na ngozi, jibu ni fupi: viachwe vilipo. Vichorwe katika daftari. Mchoro wa kiota uliochorwa na kijana aliyekaa saa nzima akimtazama mnana akisuka ni kazi ya sanaa iliyo bora kuliko kiota chenyewe kilichopigiliwa misumari.

Liko pingamizi la tatu, nalo ndilo ninaloliheshimu kuliko yote. Hulisema mtu maskini: "Wewe una mshahara. Mimi kikapu hiki ndicho ada ya mwanangu. Ukinihesabia makuti, utanilisha wewe?" Sina haki ya kulijibu kwa mashairi. Nalijibu kwa mambo yaliyokwisha tokea. Kaskazini-magharibi mwa Botswana, vikapu vilivyosukwa kwa makuti ya mkoma vilipata soko la nje katika miaka ya 1970 na 1980. Fedha zilikuja. Pamoja nazo mikoma ilipungua karibu na vijiji, na miti ya rangi, mmojawapo ukiwa ndugu wa mdaa wetu, iling'olewa mizizi. Walioumia kwanza walikuwa wasukaji wenyewe, waliolazimika kwenda mbali zaidi kutafuta. Maskini ndiye wa kwanza kukosa pori linapokwisha, kwa kuwa tajiri atanunua kitu kingine. Kumhesabia msukaji makuti si kumnyima ada ya mwanawe. Ni kuhakikisha kwamba mwaka ujao kuna ada tena.

Na malighafi hupandwa. Mkonge, ambao leo tunauona kama mwenyeji wa Same tangu kuumbwa kwa dunia, uliletwa katika nchi hii mwaka 1893 na Mjerumani Richard Hindorf; katika miche 1,000 aliyoagiza kutoka Florida, 62 tu ndiyo iliyofika Tanga ikiwa hai. Ikiwa miche 62 ya mgeni iliweza kuijaza nchi mashamba, yawezekanaje sisi tushindwe kupanda mkindu wa kwetu, unaochipua wenyewe kutoka shinani? Katika mkoa wetu huu wa Kilimanjaro alikuwako Sebastian Chuwa, mtaalamu wa mimea, ambaye mwaka 1996 pamoja na Mmarekani James Harris walianzisha mradi wa kuupanda mpingo, mti ambao huchukua zaidi ya miaka 70 kukomaa. Chuwa alifariki mwaka 2014, naye hakutazamia kuchonga mti hata mmoja katika ile aliyoipanda. Aliwashirikisha watoto wa shule katika vitalu. Mtoto aliyepanda mpingo kwa mkono wake ameelewa sanaa ya kinyago kuliko yule aliyenunua vinyago kumi.

Sasa nitasema neno kwa wakubwa, nikijihesabu mimi mwenyewe miongoni mwa wanaostahili lawama. Mwezi Septemba 1961, mjini Arusha, Mwalimu Julius Nyerere alitoa tamko la kuliahidi taifa na dunia kwamba wanyamapori watatunzwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka 1962 ikaundwa wizara ya kusimamia utamaduni wa taifa. Ahadi zote mbili zilikuwa njema. Lakini ziliwekwa katika ofisi mbili, katika majalada mawili, na kwa miaka zaidi ya sitini majalada hayo hayajasomana. Nimeitumikia serikali muda wa kutosha kujua jinsi jalada linavyoweza kufa kiu karibu na kisima. Afisa utamaduni huhesabu vikundi vya ngoma. Afisa wanyamapori huhesabu wanyama. Na mbega aliye mgongoni mwa mchezaji hayumo katika hesabu ya yeyote kati yao. Hata sisi waandishi wa mikusanyo ya namna hii tumejaza kurasa kwa majina ya vyombo, susu, kawa, jamvi na ungo, tusiandike jina la mti, wala mahali uotapo, wala namna ya kuukata usife. Je, tukisha kuupoteza mti, jina la chombo tutalifanyia nini?

Shule ndiyo mahali pa kuyakutanisha majalada hayo. Siyo lazima tungojee fedha wala waraka mpya. Klabu za Malihai zimekuwapo nchini tangu mwaka 1980. Zifanye kazi pamoja na darasa la sanaa. Napendekeza mambo matatu, ambayo mwalimu yeyote aweza kuyaanza muhula huu. Kwanza, kila chombo kinachowekwa katika maonyesho ya shule kiwe na kibandiko chenye mistari mitatu: jina la mti au mmea kilikotoka, namna ulivyovunwa, na kilichopandwa badala yake. Chombo kisicho na mistari hiyo kisipewe alama, hata kikiwa kizuri namna gani. Pili, kabla ya kwenda porini wanafunzi waongozwe na mzee au mama msukaji wa kijiji, aalikwe kwa heshima kama mwalimu, wala si kama kioja. Na safari ya kwanza iwe ya kutazama tu, mikono mitupu. Safari ya kukata isifanywe majira ya mvua, wakati ndege wengi wanapoatamia. Tatu, kila shule yenye maji iwe na kitalu cha malighafi, mikindu, mkonge, mibuyu na mdaa, kinachotunzwa kwa msaragambo wa wanafunzi na wazazi, ili baada ya miaka kadhaa sanaa ya shule itoke katika ardhi ya shule.

Baadhi yenu mtasema ni mambo madogo. Naam, ni madogo. Lakini kiota nacho kilikuwa kidogo, na aliyekikata alikuwa mtoto mmoja tu kati ya arobaini. Pori la Upare halikatwi na shoka moja kubwa. Linakwisha kwa maagizo madogo yasiyo na maelezo, yanayotolewa na watu wema. Nimewatungia vijana ubeti huu, wauandike katika jalada la daftari la sanaa iwapo wataona unafaa:

Mwana ukienda pori, usikate cha usoni,
Chunguza kwanza vizuri, nani akaa mtini,
Ndege naye ana siri, ya makinda kiotani,
Aachaye ni hodari, kesho hakosi nyumbani.

Ndugu walimu, na ninyi vijana wa sekondari: taifa lisilojua kusuka ni taifa maskini, lakini taifa linalosuka hadi mkindu wa mwisho ni taifa pumbavu. Tuwafundishe watoto kuitambua miti kwa majina, kuingoja, na kuipita inapochoka. Tukifanya hivyo ndipo tutakapokuwa na haki ya kuandika chini ya kazi zetu maneno yale mawili ya mwanafunzi wa Same, tukijua kwamba mti ulikotoka mkeka bado umesimama, na mnana bado yumo.